Nambari 454, au nilivyoongeza mwito wangu kwenye kerneli ya Linux

Najua nimekuwa kimya, na wawili watatu mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa ninapigana na laptopu.

Kisa chenyewe kilianzia kwenye mahojiano ya kazi. Nina shahada ya sayansi ya kompyuta, na somo la mifumo endeshi nililipita vizuri tu, kwa kalamu na karatasi. Basi mama mmoja kati ya waliokuwa wakinihoji akaniuliza kwa upole: "Programu yako ikiita read, ni nini hasa hutokea?" Nikajibu, "Inasoma faili." Akangoja niendelee. Sikuwa na la kuendelea nalo. Kazi sikuipata, na simlaumu. Miaka yote hiyo ya kuandika programu, na sikujua programu zangu huishia wapi na kerneli huanzia wapi.

Nikaamua kwenda kuangalia mwenyewe. Hiyo ilikuwa Aprili 2024, mvua ikinyesha kana kwamba mtu amesahau kufunga mfereji.

Kwa asiyejua: kerneli ndiyo kiini cha mfumo endeshi. Programu ya kawaida hairuhusiwi kugusa diski wala kadi ya mtandao. Ikitaka kitu, huweka nambari kwenye rejista moja ya prosesa iitwayo rax, kisha hutoa amri ya syscall. Hapo prosesa huhama kutoka ngazi ya 3, ya wageni, hadi ngazi ya 0, ya mwenye nyumba, na kerneli huitazama ile nambari ijue mgeni anataka nini. Kwenye Linux ya x86 ya biti 64, 0 ni read, 1 ni write, 39 ni getpid. Huo ndio mwito wa mfumo. Mimi nikataka wangu, jina lake hujambo: unaupa jina la mtu, nao unaandika salamu kwenye daftari la kerneli, lile tunalolisoma kwa dmesg. Usicheke. Kila mtu huanza na salamu.

Mashine yangu ni ex-UK ya Core i5 kizazi cha tatu, RAM gigabaiti 4, betri ilikufa zamani. Ningefanya majaribio ndani ya mashine pepe kama watu wenye akili, lakini kwa RAM hiyo ningekuwa bado ninangoja hadi leo. Kwa hiyo nilifanya juu ya laptopu yenyewe, ambayo ndani yake mlikuwa na kazi ya mteja na ripoti ya mradi ya dadangu mdogo, iliyotakiwa chuoni Jumatatu. Nakala ya akiba? Tusiongee hayo.

Nikashusha msimbo wa toleo la 6.6. Mara ya kwanza nilitumia mipangilio ya Ubuntu jinsi ilivyo, na kompaila ikaanza kujenga viendeshi vya kila kifaa kilichowahi kutengenezwa duniani. Saa tatu baadaye stima ikapotea. Habari njema ni kwamba make huendelea pale ilipoachia. Habari mbaya ni kwamba iliniachia mafaili mawili ya baiti sifuri, na ikayachukulia kuwa yamekamilika. Nilitafuta kosa hilo hadi macho yakaniuma.

Ndipo nikagundua make localmodconfig, ambayo hubakisha viendeshi vinavyotumika saa hiyo tu. Kazi ikashuka hadi dakika hamsini. Lakini chunga neno "saa hiyo". Intaneti yangu hutoka kwenye simu kwa waya wa USB, na wakati natoa ile amri simu ilikuwa kwenye chaji upande wa pili wa chumba. Nadhani umeshaona mwisho wa hadithi hiyo.

Usiku wa Jumamosi, saa nane, nikawasha kerneli mpya. Skrini nyeusi, maandishi yakateremka, kisha yakasimama: kerneli imepigwa na hofu, haiwezi kupata diski yenye mzizi wa mafaili. Taa ya herufi kubwa ikawa inapepesa. Nilikaa pale nikiitazama huku nikisikia dadangu akikoroma chumba cha pili, nikitunga maneno ya kumwambia asubuhi.

Ripoti ilikuwa salama. Nilizima, nikawasha huku nimeshikilia Shift, na GRUB ikaniletea kerneli ya zamani kwenye orodha, nzima kabisa. Kumbe sehemu ya /boot ilikuwa imejaa. Moduli zangu zilibeba taarifa zote za kusaka hitilafu, kwa hiyo ile picha ndogo ya kuanzia, initramfs, ilivimba mpaka ikakosa nafasi, na kerneli ikaamka bila kiendeshi cha diski. Ukisakinisha moduli kwa INSTALL_MOD_STRIP=1 uzito huo huondoka. Jambo la kwanza nililofanya kabla ya kugusa chochote tena ni kunakili ile ripoti kwenye flashi. Dada hajui mpaka leo, labda asome hapa.

Jumapili jioni hujambo ikaitika. Niligusa mafaili machache tu: msimbo wenyewe, Makefile, na mstari mmoja kwenye syscall_64.tbl. Nambari ya mwisho kwenye jedwali la 6.6 ilikuwa 453, nikachukua 454. Nikaandika programu ndogo ya C, nikatazama dmesg, na hapo palikuwa na salamu yenye jina langu. Nilipiga kelele peke yangu.

Kisha nikampa rafiki yangu mwenye laptopu mpya ajaribu. Kwake programu iliuawa papo hapo, na dmesg ikajaa maneno ya kutisha.

Kosa lilikuwa langu. Mgeni alinipa anwani ya mahali alipoweka jina, nami nikaisoma moja kwa moja kwa mzunguko wangu, herufi baada ya herufi. Prosesa za Intel kuanzia kizazi cha tano zina kinga iitwayo SMAP, inayoikataza kerneli kusoma kumbukumbu ya programu kwa uzembe namna hiyo. Yangu ya kizazi cha tatu haina. Kwa hiyo kwangu ilifanya kazi, na hilo ndilo lililonitia baridi. Nikajiuliza, je, mgeni akinipa anwani isiyo yake? Nikatafuta kwenye /proc/kallsyms anwani ya linux_banner, ambayo ni maandishi ya kerneli yenyewe, nikaipitisha kama "jina". Jibu: Hujambo, Linux version 6.6. Mwito wangu ulikuwa umeingia chumbani kwa mwenye nyumba na kumletea mgeni alichoomba, bila swali. Leo ni toleo, kesho ni neno la siri la mtu.

Dawa ipo, strncpy_from_user. Hukagua kwanza kama anwani iko upande wa mgeni, na ikiwa mbaya hurudisha kosa la 14 badala ya kuanguka. Mstari mmoja. Lakini nilikaa nao usiku mzima, kwa sababu ulinikumbusha kitu. Jumatatu kazini nikafungua msimbo wa malipo niliouandika mwaka mmoja kabla. Kiasi cha kulipa kilitoka kwenye simu ya mteja, na seva yangu ilikipokea kama kilivyo. Mtu angeweza kununua bidhaa ya elfu tano kwa shilingi moja. Nilirekebisha kabla ya chai ya saa nne, kisha nikaenda kumwambia mkubwa wangu. Alinyamaza kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, akaniuliza kama yupo aliyewahi kuitumia. Tulipekua rekodi siku mbili. Hakuwepo.

Na ile 454? Baadaye nilihamia kerneli ya 6.8, nikaendesha programu yangu ya salamu nikitarajia kosa la 38, yaani mwito haupo. Nikapata 22, hoja si sahihi. Kumbe mwito ulikuwepo! Tangu toleo la 6.7 la Januari 2024, nambari 454 ni ya futex_wake. Miezi mitatu kabla sijaichukua ilikuwa na mwenyewe, na programu yangu ilikuwa inamwamkua mtu mwingine. Wenye Linux wakishatoa nambari hawaibadilishi, maana kuna programu za zamani zinazoitegemea, kwa hiyo wa kuhama ni mimi.

Hujambo sasa anaishi 600. Na simu huwa naichomeka kwanza.