Namba Sita za Mama

Siku moja nilipiga kura nne, na sikuona aibu. Kikundi chetu cha akiba kilikuwa kinachagua mwenyekiti kwa mtandao: kila mwanachama anatumiwa ujumbe wenye namba sita, anaziingiza, amemaliza. Kwetu Nanighi, nyumba nzima mwenye simu ya intaneti ni mimi. Mama, mke wangu na dada yangu wana kabambe, simu za vitufe tu. Nikaketi mkekani nikawaambia, "Haya, leteni namba." Mama hajui kusoma, alinikabidhi simu yake, unga ukiwa bado kwenye vitufe. Hakuna aliyeniuliza nimemchagua nani. Nami nikajiona nimewasaidia.

Wiki kadhaa baadaye, tukipalilia kando ya mto, mama akasema bila kuinua kichwa, "Mimi nilimtaka yule mwingine."

"Mbona hukusema, mama?"

"Ningesema, halafu?"

Hiyo "halafu" ilininyima usingizi. Nikakumbuka uchaguzi mkuu wa tarehe 9 Agosti 2022, mama alivyokataa niingie naye kituoni. Sheria inamruhusu asiyejua kusoma kuja na msaidizi anayeapa kutunza siri, na msaidizi huyo hasaidii mtu wa pili. "Picha zao nazijua," alisema, akaingia peke yake. Kumbe alikuwa akinikimbia mimi.

Wazee bado wanausimulia mlolongo, ule mchujo wa chama cha KANU wa 1988, watu wakipanga foleni nyuma ya wagombea au mawakala wao, kila jicho likiona. Simu yangu ilikuwa mlolongo wa wanawake watatu, na chifu mimi. Katiba ya Kenya ya 2010 inataka kura ya siri isiyo na vitisho, lakini mkekani hakuna karani wala kibanda. Estonia, wanaopiga kura kwa intaneti tangu 2005, waliliona hilo: aliyelazimishwa hurudia baadaye, ya mwisho ndiyo huhesabiwa, na kura ya karatasi huifuta ya mtandaoni. Dawa nzuri, kwa mwenye intaneti yake. Mama angerudia kwa intaneti ya nani?

Nilikiri mkutanoni. Wengine walicheka, wanaume kadhaa waliangalia chini. Uchaguzi uliofuata tulitumia karatasi zenye picha, na leso tukaitundika kwenye mti wa mathenge iwe pazia. Mama alikaa nyuma yake muda mrefu kuliko wote.

Viongozi mnaotaka kura za simu, ulizeni kwanza: kila nyumba ina simu ngapi za intaneti, na nani anazishika?