Namba Iliyo Kabla ya Herufi

Mwanjelwa, Mbeya

Mwanangu mpendwa,

Huku ni baridi tu inayotuandama. Baba yako kaniambia umepata pikipiki ya mkataba na umeshapokelewa kijiweni hapo Mikumi. Nimefurahi. Picha ya tairi jipya la nyuma uliyonitumia nimeiona, na maneno uliyoandika chini yake nimeyasoma pia: "Shangazi, hili ni P, linakwenda mpaka 150." Nikaona jambo hili halifai kumalizwa kwa simu, kwa kuwa wewe huwa unaitikia "sawa shangazi" kabla sijamaliza sentensi.

Kwa miaka yote niliyouza spea, wateja wengi husoma saizi, huuliza bei, basi. Wewe walau umefika kwenye herufi. Sasa rudi nyuma hatua moja.

Ubavuni pameandikwa 3.00-17, halafu 50P. Hiyo 3.00 ni upana wa tairi kwa inchi, na 17 ni kipenyo cha ringi. P ni mwendo wa juu kabisa unaoruhusiwa kwa tairi hilo, kilomita 150 kwa saa. J ni 100, L ni 120, S ni 180, zinapanda hivyo kwa mpangilio wa alfabeti, isipokuwa H iliyoruka foleni ikakaa juu ya U, kwenye 210. Hizo za juu ni za pikipiki kubwa za wenye fedha zao, tuwaachie.

Kiwango hicho cha mwendo hupimwa kwa mashine, tairi likizungushwa juu ya pipa kubwa la chuma. Linakuwa jipya, limejazwa upepo sawasawa, na halijabebeshwa zaidi ya uwezo wake. Kwenye pipa lile hakuna shimo, hakuna kokoto, hakuna mbuzi. Ukizidisha mzigo au ukiacha upepo upungue, P hiyo huna tena. Tena pikipiki yako ya cc 125 haiwezi kugusa 150 hata ukiiteremsha mlima Kitonga. Kazi ya herufi kwako ni moja tu: siku ya kubadilisha tairi, usinunue lenye herufi ya chini kuliko iliyotajwa kwenye kitabu cha pikipiki.

Ninayotaka uishike ni ile 50. Watu hudhani ni mwendo au ni upepo, kumbe ni namba ya uzito. Kwenye jedwali la matairi, 50 maana yake kilo 190, 41 ni kilo 145, na 52 ni kilo 200. Yaani tairi lako la nyuma limeruhusiwa kubeba kilo 190, na humo umo wewe, abiria, mzigo, na sehemu ya pikipiki yenyewe.

Chukua kalamu tupige hesabu ya makadirio. Pikipiki ina kama kilo 115, nusu yake inakaa nyuma, tuseme 58. Wewe una 70, na kwa jinsi unavyokaa kama 42 zinaangukia nyuma. Tumefika 100. Abiria mmoja wa kilo 70 anakaa karibu juu ya gurudumu lenyewe, jumla 170. Hapo uko salama, na mfuko wake wa sokoni unaenea. Pakia mshikaki, abiria wa pili, unafika 240. Umezidisha kilo 50. Gunia la mahindi la kilo 100 peke yake, bila abiria, linakufikisha 200, na kwa kuwa gunia hukaa nyuma zaidi ya kiti, linainua usukani na tairi la mbele linapoteza kushika barabara. Trafiki akikusimamisha kwa mshikaki unaona anatafuta hela ya chai. Tairi lenyewe limekwishaandikwa, halikuhitaji trafiki.

Najua hesabu ya kila siku ya tajiri mwenye pikipiki haingoji, na abiria wawili wa Kidodi kwa safari moja ni nafuu ya mafuta. Wapeleke mmoja mmoja, au mgawie mwenzako wa kijiweni, kesho atakugawia wewe. Na kwenye mkataba wako tairi linanunuliwa na nani? Kama ni wewe, zungumza na tajiri mapema liandikwe. Kijana anayelipa hesabu kila siku na kununua tairi mwenyewe ndiye anayeishia kupanda kipara mpaka nyuzi zinachungulia, au kumpa fundi achonge kashata, yale meno ya tairi, upya kwa kisu cha moto. Kuchonga kunapunguza mpira uliobaki juu ya nyuzi. Usikubali hata bure.

Upepo sasa. Tairi lenye upepo mdogo hukunjika ubavuni kila linapozunguka, na kukunjika huko kunazaa joto. Joto likizidi, matabaka ya ndani yanaachana, na siku moja linapasuka ukiwa kwenye lami. Hapo kwenu bondeni lami ya mchana inawaka, si kama huku kwetu, na mzigo mkubwa na mwendo mkali vinaongeza joto juu ya joto. Kwa hiyo pima upepo asubuhi kabla hujatoka, tairi likiwa la baridi, na ufuate kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha pikipiki au kwenye kitabu chake. Kubonyeza kwa kidole gumba au kupiga teke hakupimi chochote.

Angalia pia umri. Mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT kuna tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililoanikwa juani mbele ya duka kwa miaka mingi hung'aa likipakwa dawa, na kashata zake zote zipo, lakini mpira umekakamaa na unateleza kwenye maji. Ukiona nyufa ndogo ubavuni, rudisha. Wapo wauzaji wenzangu watakaokununia, waache wanune.

Mwendo nautaja kwa ufupi kwa sababu nakujua. Ukiwa kwenye 80 unakula mita 22 kila sekunde, na umbali wa kusimama kwa breki ni mara nne ya ule wa 40, si mara mbili. Barabara yenu inakatiza hifadhini. Nyati hana taa ya nyuma. Usiku usikubali abiria wa kupita mle, hata akikupa nauli mara tatu. Na mvua ya kwanza baada ya kiangazi inachanganyika na mafuta na vumbi la miezi, pale hata tairi jipya halina ujanja, punguza.

Likipasuka la nyuma, mkia utayumba. Shika usukani imara bila kupambana nao, achia mafuta taratibu, usikanyage breki ya nyuma. Mwendo ukishapungua tumia ya mbele kwa upole. Likiwa la mbele, kinyume chake. Abiria mwambie akae kimya asijitupe.

Kipimo cha upepo nimekifunga ndani ya mfuko wa maharage, utafika na basi la Jumamosi; kaupokee kwa kondakta wewe mwenyewe, usitume mtu. Kofia ya abiria nitakutumia mwisho wa mwezi. Baba yako asikichukue kipimo hicho kwa ajili ya baiskeli yake, mwambie nimesema mimi.

Shangazi yako