Karatasi ya hospitali bila pesa ya moto

Leo nasema juu ya wazee wetu.

Mama yangu mkubwa anaishi hapa Nyangwe, amepita miaka 70. Akizidiwa, kituo cha afya kinamwandikia karatasi ya kwenda Hospitali Kuu ya Kasongo. Karatasi ni ya bure, moto si ya bure. Mvua ikinyesha bei inapanda, na mzee hawezi kujishika peke yake, lazima mtu akae nyuma yake amkamate. Mwaka jana tuliuza mbuzi wawili kwa ajili ya safari tu, dawa bado.

Sheria ya mituele za afya ilitoka 2017. Mwaka 2023 serikali ilianzia Kinshasa mpango wa akina mama kuzaa bila kulipa. Ni vizuri. Lakini bibi haendi kuzaa.

Wenye mituele na likelemba, muulize swali moja: fungu la usafiri wa wazee liko wapi? Hata franga kidogo kila juma. Sisi tulikuwa na mbuzi. Aliyekimbia vita hana hata kuku.