Mmehamia Arusha? Jumamosi Ni Tengeru!
Friji bado tupu, na mwenzi wako hataki kusikia habari ya mboga zilizopigwa dawa? Jumatano au Jumamosi, pandeni daladala za Tengeru, barabara ya Moshi. Siku hizo ndizo za gulio: ndizi, parachichi, mnavu na figiri kutoka miteremko ya Mlima Meru. Kila muuzaji atawaapia, "Hizi hazina dawa!" Msimeze tu. Ulizeni kwa adabu: "Mama, mlipiga dawa lini mara ya mwisho?" Aliyelima mwenyewe atawatajia siku, mchuuzi atababaika. Kwa vitu vya pakiti, tafuteni alama ya Kilimohai, inayofuata viwango vya Afrika Mashariki vilivyopitishwa 2007. Bei inaweza kuchangamka, hivyo kubalianeni bajeti kabla ya kutoka nyumbani. Ugomvi wa sokoni huchachusha hata mchicha mtamu!