Kwa Baiskeli Miyomboni, Misunkumilo

Ndugu Waislamu, Mwenyezi Mungu Mtukufu ameapa katika Suratut Tin kwa tini na zeituni. Huku Misunkumilo, pembeni mwa mji wa Mpanda, mizeituni hatuna, tumejaaliwa miyombo. Baada ya Sala ya Alfajiri panda baiskeli, ufuate vijia vya msituni visivyopita magari. Gurudumu halina kishindo, basi utawasikia nyuki wakiuendea mzinga uliotundikwa mtini. Hao ndio waliofunuliwa, katika Suratun Nahl, wajenge milimani na mitini, na asali yao ni dawa kwa watu. Lakini miti ikikatwa kwa mkaa na kwa kukaushia tumbaku, nyuki huhama. Vijana, neema hulindwa kwa shukrani; na shukrani ya mti ni kuuacha usimame.