Barua kwa Mpwa Anayekwenda Kununua Grinda

Gerezani, Dar es Salaam

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako amenipigia simu kuniambia umemaliza VETA, umepata kibanda hapo Morogoro, na una laki mbili za kununulia grinda. Akaongeza kwamba unaitaka ile kubwa ya inchi 9 ili wateja wakuone fundi kweli. Nimeona nikuandikie kabla hela haijatoka mfukoni, maana kwenye simu ungeniitikia "ndiyo mjomba" halafu ukaenda kufanya lako.

Anza na ndogo. Kazi zitakazokuja mwanzoni ni mageti, grili za madirisha, vitanda vya shule, fremu za meza. Skwea paipu, engo na flatibaa za kazi hizo zote hukatwa na grinda ya diski ya milimita 115, ambayo ndiyo inchi 4 na nusu, au ile ya milimita 125. Wati 700 hadi 900 zinakutosha. Mashine hiyo ina kilo mbili tu, unaishika kutwa bila mkono kufa ganzi. Ile kubwa ina wati elfu mbili na zaidi, na uzito wake unafika kilo tano au zaidi. Diski yake ikinasa kwenye chuma, mashine nzima inageuka na mikono yako, na mara nyingi inageukia usoni au pajani. Ya inchi 9 utainunua siku utakapopata kazi ya kukata boriti nene za chuma, na siku hiyo hela yake itatoka kwenye kazi yenyewe.

Sasa nisome polepole hapa, kwani ndipo wenzako wanapopotezea vidole na macho. Mashine yenyewe huua mara chache. Kinachoua ni diski. Kila diski imeandikwa mwendo wake wa juu kabisa, na kila grinda imeandikwa mwendo wake kwenye lebo. Namba ya diski lazima ilingane na namba ya mashine au iizidi. Diski ya kawaida ya milimita 115 huandikwa mizunguko 13,300 kwa dakika, na grinda yake huzunguka kama 11,000, kwa hiyo hapo uko salama. Diski ya milimita 230 huandikwa 6,600 tu. Fundi anaona diski kubwa imelika mpaka nusu, anaihurumia, anavua kinga ya grinda ndogo na kuifunga humo ili asipate hasara ya elfu chache. Diski iliyotengenezwa kwa mizunguko 6,600 sasa inazungushwa 11,000. Nguvu inayoivuta ipasuke haiongezeki kidogo kidogo kulingana na mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu hiyo inakuwa mara nne. Kwa hesabu ya hapa, diski inavutwa kwa nguvu inayokaribia mara tatu ya ile inayoipata ikizunguka kwa mwendo wake wa mwisho. Ikipasuka, vipande vinatoka kwa kasi ambayo hakuna basi la Morogoro lililowahi kuifikia, na kinga umeshaivua.

Ndiyo maana ukiwa dukani, kinga uitazame kabla ya rangi ya mashine. Iwe ya bati nene, ishikilie imara, na uweze kuizungusha upande unaoutaka bila kutafuta spana ya kuazima. Kinga inayosumbua kuirekebisha huvuliwa wiki ya kwanza na hairudi tena; nimeona hivyo kwa mafundi wazuri kabisa. Mkono wa pembeni nao uwepo kwenye boksi, na mashine iwe na matundu ya kuufunga kushoto na kulia.

Halafu swichi. Grinda nyingi za bei ndogo zina swichi ya kusukuma mbele inayojifunga yenyewe. Mashine ikikuponyoka inaendelea kuzunguka sakafuni peke yake. Bora ile ya kubana kwa kiganja, ambayo ukiiachia inazima. Na kuna jambo ambalo kwetu lina uzito zaidi kuliko kwa Wazungu: umeme ukikatika katikati ya kazi, unaweka grinda chini, unakwenda kunywa chai, swichi umeisahau mbele. Umeme ukirudi inaamka mezani yenyewe. Zipo mashine zenye ulinzi wa hilo, haziwaki tena mpaka uzime swichi na kuiwasha upya. Kulijua ni rahisi. Mwombe muuzaji atoe diski, aache plagi nje, asukume swichi mbele, kisha aichomeke huku ameishika vizuri. Ikiwaka, haina ulinzi. Akikataa kukujaribia, nenda duka la pili. Maduka hayajawahi kuisha mjini.

Kuhusu jina la mashine sitakuchosha. Bosch, Makita na DeWalt zinadumu, lakini majina makubwa ndiyo yanayoigwa zaidi, kwa hiyo kama bei ni nusu ya bei ya wakala, jua unanunua stika. Mimi ningekushauri uchukue mashine ya kawaida ya Kichina yenye vipuri mtaani, kama Ingco au Total, kuliko "Makita" ya kubahatisha. Uliza kama kaboni zake zinauzwa kwenye duka hilo hilo, na kama zina vifuniko vya kufungulia kwa nje. Kaboni zikiisha mashine inacheua cheche nyingi ndani. Ukizibadilisha mapema unaokoa amecha, na amecha ikiungua unakaribia kununua mashine nyingine.

Za mtumba kutoka Ulaya nazo uziangalie. Mashine za maeneo ya ujenzi kule Uingereza ni za volti 110, na zinakuja huku zikiwa nzuri kwa macho, mara nyingi zikiwa na plagi ya njano. Mtu anakata ile plagi, anafunga ya kwetu, anachomeka kwenye volti 230, na moshi unatoka kabla hajakata hata nondo moja. Soma lebo. Ukiona pia alama ya mraba ndani ya mraba, maana yake mashine ina kinga mbili za umeme ndani yake, ndiyo maana waya wake hauna ethi. Isikutie wasiwasi.

Za betri ni nzuri kwa fundi wa kuzunguka. Wewe una kibanda na umeme, achana nazo kwa sasa.

Katika laki mbili zako, usizimalize zote kwenye mashine. Tenga hela ya diski nzuri na ya miwani. Diski nyembamba ya milimita 1 au 1.6 ni ya kukata peke yake. Usiilaze kusagia mshono wa kuchomelea, kwa sababu haikutengenezwa kubanwa ubavuni. Ya kusagia ni ile nene ya milimita 6. Angalia pete ya chuma katikati ya diski: imepigwa mwezi na mwaka wa mwisho wa matumizi, kwa kawaida miaka 3 tangu kutengenezwa. Gundi inayoishika diski huharibiwa na unyevu, na diski za kwenye turubai la barabarani zimenyeshewa mvua ngapi, hakuna ajuaye. Msumeno wa mbao wenye meno usiufunge kwenye grinda, hata seremala jirani akikuapia kwamba yeye anautumia kila siku. Mwangalie vidole vyake kwanza.

Miwani ya jua haizuii kitu. Nunua ya plastiki ngumu iliyoziba pembeni, na ukipata ngao ya uso ivae juu yake. Chembe ya chuma ikiingia jichoni usiisugue na usimwite mtu aitoe kwa kiberiti. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu chuma kinashika kutu ndani ya jicho. Ukishaajiri kijana wa kukusaidia, na yeye umpe vyake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inakudai hivyo, lakini hata isingekuwapo, mama wa yule kijana angekudai.

Unapokata, funga chuma kwenye jiriwa na upande unaokatika uuache huru uning'inie. Paipu ikiegemezwa ncha zote mbili, ikikaribia kukatika inashuka katikati na kuibana diski, na hapo ndipo mashine inaruka. Simama kando kidogo, usikae kwenye mstari wa diski.

Na mtu akikuletea pipa lililokuwa na petroli au dizeli umkatie la kuhifadhia maji, mkatalie. Hata likionekana tupu, mvuke wa mafuta umo ndani na cheche moja inatosha. Atakwambia fundi mwingine alimkatia. Mwambie arudi kwa huyo huyo.

Ukifika dukani, kabla ya kulipa, piga picha ya lebo ya mashine na ya pete ya diski, unitumie. Jumamosi nipo karakana mchana kutwa, nitakujibu hapo hapo.

Ni mimi mjomba wako.