Namba za Msituni Sao Hill

Kwenye shamba la miti la Sao Hill, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, upepo ukishika vilele vya misindano, "sita" na "tisa" husikika kitu kimoja. Ndiyo maana enzi za fomu na penseli hatukupima miti kimyakimya. Mpimaji alibana shina kwa kalipa, akapaza sauti: "Ishirini na sita nukta nne!" Mwandishi, aliyesimama katikati ya ploti na ubao wake, aliirudia namba yote ndipo akaiandika. Mpimaji akisogea mapema, mzee aliyetuongoza alimrudisha: "Kijana, mwandishi hajaitika. Rudia."

Kipenyo tulikipima mita 1.3 kutoka ardhini, kimo cha kifua. Kwenye mteremko unasimama upande wa juu. Mti uliogawanyika chini ya kimo hicho unahesabiwa miwili. Na kwa kuwa shina si duara kamili, unabana mara mbili, ya pili ikikatisha ya kwanza, naye mwandishi anatafuta wastani kichwani huku vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Sentimita moja si jambo dogo. Eneo la mkato wa shina hutokana na kipenyo mara kipenyo, kwa hiyo mti wa sentimita 20 ukiandikwa 21, eneo hilo linapanda kwa zaidi ya asilimia 10, na ujazo wa mbao unapanda nalo.

Muda ulikuwa unaliwa zaidi nje ya msitu. Fomu zilirudi kambini zimelowa, zikaanikwa, zikakaguliwa, kisha zikapelekwa ofisini, ambako mtu asiyewahi kuiona ile miti alizichapa upya kwenye kompyuta. Kipenyo kimoja kilikuwa kimepita mdomoni, sikioni, kwenye penseli na kwenye kibodi. Na ofisini ukikuta msindano wa sentimita 24 ulioandikiwa urefu wa mita 3, utafanya nini? Ploti iko mbali na barabara imejaa utelezi. Wapo waliofuta mti mzima, wapo waliobahatisha. Hilo liliniuma, maana namba hizo ndizo zilizoamua kitalu kipi kivunwe na lini.

Kisha tukapata kalipa za elektroniki, zetu za Haglöf kutoka Sweden. Umbo ni lilelile, rula ndefu na taya mbili, ila sasa kulikuwa na skrini ndogo, vitufe, na programu ambayo mtumiaji anaweza kuipanga. Kuipanga ndiko kulikokuwa kazi. Kabla ya kuingia msituni tulikaa mezani tukabishana. Ianze na kitalu au ploti? Mti uliokufa uingie kwa alama gani? Uliovunjika kilele je? Kipenyo kikizidi wapi, au kikipungua wapi, tupewe onyo? Mabishano hayo zamani yalizuka ofisini, kazi ikiwa imeshaharibika. Kuyamaliza kabla ya safari naona kulitufaa kuliko hata ile kasi.

Na kasi ilikuwepo. Unabana, unabonyeza, unageuza, unabonyeza tena, wastani umepatikana. Ikitokea sentimita 3 katikati ya miti ya rika moja yenye 20 na kitu, onyo linakuja ungali umesimama pale pale, nawe unapima tena. Jioni ni waya mmoja hadi kwenye laptop, na ugali haujaiva data ya siku nzima imeshakaa kwenye jedwali.

Urefu wa miti ulikuja na masharti yake. Zamani tulivuta utepe mita 15 au 20, tukatazama kilele kwa kipimapembe cha Suunto. Kifaa kipya kilipima umbali kwa mawimbi ya sauti, kikiwasiliana na kingine kilichotundikwa kwenye shina, na sauti hukimbia zaidi hewa ikiwa na joto. Nyuzi 10 zikibadilika bila kusahihishwa, umbali unapotoka kwa karibu asilimia 2. Asubuhi za Sao Hill ni baridi kali na mchana jua linachoma, kwa hiyo tulikiacha kwanza kizoee hewa, tukakilinganisha na utepe wa mita 10, na jua likipanda tukarudia.

Chaki hatukuiacha. Kila mti uliopimwa ulipigwa alama upande unaotazama katikati ya ploti, maana programu haina namna ya kujua mti uliorukwa.

Kalipa ya kwanza tulimkabidhi yule aliyekuwa mwandishi wetu. Miaka ya kuitikia namba ilikuwa imemfundisha kutambua upesi ile isiyofanana na mti ulioko mbele yake. Mipaka tuliyokuwa tumeweka mezani aliiona ni mipana mno, akaipanga upya kwa umri: kitalu cha miaka 5 na yake, cha miaka 20 na yake. Timu nyingine zilipopewa kalipa, zilikuja kwake kwanza kunakili ile programu.